Kitabu cha Tano

Tulipoachana, jina la tano lilikuwa bado mdomoni mwa askofu. Baadhi yenu mmeniandikia kunilaumu kwamba nimewakatisha pumzi wiki nzima. Poleni. Na Edna naye mpeni pole, maana ndiyo kwanza askofu anafungua mdomo.

"Ndugu wa tano," alisema Askofu Ura Raber, akikisogeza kikaratasi karibu na macho yake ya uzee, "ni Roman Schlabach."

Moyo wa Edna ukapiga paa!

Upande wa wanaume, Roman aliinuka polepole kama mtu aliyeitwa na daktari. Hakumtazama Edna, mkewe. Alikwenda kukaa benchi la mbele pamoja na wale wanne waliomtangulia, mikono juu ya magoti.

Kwa aliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, mambo yako hivi. Kanisa la Waamishi la bonde lile, kule Ohio upande wa Mount Hope, lilikuwa linatafuta mhubiri. Mhubiri wao hasomei, haombi kazi wala halipwi. Kila mshiriki, mwanamume kwa mwanamke, hupita mlangoni na kumnong'oneza shemasi jina moja. Aliyetajwa na watu watatu anaingia kwenye kura. Vitabu vya nyimbo hupangwa mezani, ndani ya kimoja kuna kikaratasi, kila mwanamume anachukua kimoja. Atakayekikuta kikaratasi ni mhubiri mpaka afe. Nimewaona kwa macho yangu wanaume wenye vifua vya kubeba magogo wakilia kama wafiwa mbele ya meza hiyo.

Na Askofu Ura alikuwa na sheria yake moja asiyoipindisha. Mhubiri afanye kazi inayotosha mikono yake na ya watoto wake, basi. Mhubiri haajiri watu kumi na wanne.

Roman aliajiri watu kumi na wanne. Karakana yake ya viti vya kubembea ilikuwa kubwa kiasi kwamba siku hiyo ya ushirika mtakatifu walisogeza mashine pembeni, wakapanga mabenchi, na kanisa zima likaenea. Wale kumi na wanne walikuwa wakulima zamani, kila mmoja na ng'ombe wake wa maziwa. Ng'ombe walikwenda, mashamba yakagawanywa mpaka yakaisha, na sasa familia kumi na nne zilikula kwa viti vya Roman.

Ila viti havikwenda mbali kwa miguu yao. Kulikuwa na siri, na siri ilikuwa ya Edna. Ndani ya bati la tambi, stoo ya jikoni kwake, alificha simu ya mkononi. Kanisa liliruhusu simu moja tu, ile ya kibandani mwisho wa njia, ambayo familia sita ziliichangia. Edna alivipiga picha viti, akawatumia Waingereza wa mijini, ndivyo wanavyowaita watu wote wasio wa kanisa lao, na oda zikamiminika. Kisha alizinakili kwa mkono kwenye karatasi, akamwambia mumewe zimekuja na posta.

Simu ikijulikana, watatengwa. Aliyetengwa, mshiriki hali chakula mezani kwake, hapokei kitu mkononi mwake, wala hafanyi kazi yake. Karakana ingekuwa tupu Jumatatu asubuhi.

Kwa hiyo Edna aliomba jambo moja tu: Roman akae kimya, achukue kitabu, na kikaratasi kiwe kwa mwingine.

Mkono ukamshika mkono wake. Ulikuwa wa Wilma Erb, jirani yake wa benchi, mama wa watoto saba. Mumewe, Perry, alikuwa mmoja wa wale kumi na wanne.

"Usiogope," Wilma alinong'ona, macho yamejaa machozi ya furaha. "Mimi nilimtaja. Na Mattie pia, mumewe si yuko na Perry karakanani? Kaniambia."

"Ulimtaja Roman?"

"Sasa nimtaje nani? Shamba letu lilipokwenda, nani alimpa Perry kazi? Kanisa linataka mtu wa kutubeba. Yeye si ameshatubeba?"

"Wilma, akiwa mhubiri karakana inafungwa."

"Inafungwaje?"

"Umesahau mhubiri wa bonde la pili, aliyeambiwa auze kiwanda chake cha mbao? Perry atafanya kazi wapi?"

Wilma akauachia mkono wa Edna. Masikini, alidhani anatoa shukrani, kumbe alikuwa anamfukuza mumewe kazi.

Mbele, askofu na wahubiri wengine wawili walivichukua vitabu vitano wakaingia chumba cha kuwekea mbao kwenda kutia kikaratasi. Mlango ukafungwa. Hapo ndipo Edna alipopata nafasi. Karakana ilikuwa kwake, kahawa ilikuwa kwake, na mwenye nyumba akitoka kuangalia moto hakuna wa kumshangaa. Aliinuka akatoka, anatembea kama mtu mwenye akili zake.

Alikuwa amekata shauri. Ataitia simu jikoni, kwenye moto wa kuni, iungue hadi plastiki ya mwisho. Hakuna simu, hakuna siri.

"Kahawa itajichemsha yenyewe, wifi."

Edna aligeuka. Saloma Mast, dada yake Roman, baba mmoja mama mmoja, alikuwa ameshaingia jikoni nyuma yake na kuurudishia mlango.

"Wa tatu nilikuwa mimi," Saloma alisema.

"Wa tatu wa nini?"

"Usijitie ujinga. Nilijua Wilma na Mattie watamtaja, hawana siri wale. Nikaona inatakiwa sauti moja tu."

"Ndugu yako wa damu! Kakukosea nini?"

"Na wewe unauliza! Mume wangu Atlee alikuwa anatengeneza viti kabla Roman hajajua randa inashikwa upande gani. Alimfundisha yeye! Leo Atlee anapigilia mbao kwenye kiwanda cha Waingereza, anaondoka hapa kuku wamelala, anarudi wamelala. Wateja wetu wote mmewachukua nyinyi."

"Roman alimwita Atlee aje wafanye pamoja."

"Alimwita awe mfanyakazi wake. Wa kumi na tano! Mwalimu apange foleni nyuma ya wanafunzi, ndiyo kusaidiana huko?"

Siku ile Roman alipotoa mwaliko huo mezani, Edna mwenyewe aliona aibu akainamia sahani.

Saloma alisogea. Alikuwa mfupi, lakini siku hiyo alionekana kaujaza mlango.

"Sasa nisikilize. Wiki tatu zilizopita nilikuja kuazima tambi, wewe uko bustanini unachimba viazi. Nikalifungua bati mwenyewe."

Edna aligeukia mlango wa stoo.

"Kwanza nilidhani sabuni," Saloma aliendelea. "Mpaka ikanitetemekea mkononi. Nusura niitupe kwenye ndoo ya nguruwe."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ili uihamishe? Bibi wee! Dakika hizi tano askofu atarudi, na swali unalijua. 'Una amani na Mungu na sheria za kanisa, wewe na nyumba yako?' Kaka yangu atasema ndiyo, maana hajui lolote, mnyonge wa Mungu. Akishasema, mimi nasimama."

"Saloma, nakupigia magoti."

"Usinipigie mimi. Nenda kamtoe mumeo kwa mdomo wako, ama nitamtoa mimi kwa wangu."

Wasomaji, Edna hakwenda kumtoa mtu. Aliingia stoo mbio, akalivuta bati, akatumbukiza mkono mpaka kiwikoni.

Tambi.

Alilipindua bati zima juu ya meza. Tambi za mayai zikatapakaa, nyingine zikaanguka sakafuni. Alizitawanya kwa viganja viwili kama mwendawazimu. Simu haikuwepo.

"Umeipeleka wapi?"

"Mimi?" Uso wa Saloma ulibadilika. "Mimi niliirudisha palepale! Naapa."

"Kanisani kwetu hatuapi," Edna alisema bila kujua anasema nini.

Walitazamana, mke na wifi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo waliogopa wote wawili. Kama haikuwa kwa Edna wala kwa Saloma, basi kuna mtu wa tatu. Na wanawake zaidi ya arobaini walikuwa wamepita jikoni humo tangu asubuhi.

"Wanarudi na vitabu!" shemasi Mose Gingerich aliita kutoka uani. "Jamani, kila mtu mahali pake!"

Edna hakumbuki alivyovuka ua. Alijikuta benchini, Wilma upande wa kulia hataki kumtazama, Saloma mbele yake mabenchi mawili, amenyoosha shingo.

Vitabu vitano vyeusi vilisimamishwa mezani, kila kimoja kimefungwa kwa mpira ili kisifunguke chenyewe. Havikutofautiana hata kidogo. Askofu mwenyewe asingeweza kusema kikaratasi kiko wapi, maana mmoja alikitia na mwingine akavichanganya.

"Ndugu zangu watano," alisema Askofu Ura. Sauti yake haikuwa ya ukali. Ingekuwa ya ukali Edna angeimudu. "Kabla hamjanyoosha mkono. Una amani na Mungu na sheria za kanisa, wewe na nyumba yako?"

"Ndiyo," alisema wa kwanza.

"Ndiyo," alisema wa pili, analia tayari.

Wa tatu alitikisa kichwa, akaambiwa aseme, akasema. Wa nne akasema.

"Ndugu Roman?"

Edna aliona mgongo wa mumewe. Aliliona koti jeusi alilolishona yeye mwenyewe majira ya baridi yaliyopita. Saloma alikuwa ameshaegemeza mkono kwenye benchi la mbele, tayari kuinuka. Sema ndiyo, Edna alimwomba kimoyomoyo. Halafu papo hapo: usiseme.

"Ndugu Roman. Nimekuuliza."

"Hapana, Baba Askofu."

Ukasikia farasi wanavyotafuna nje.

"Hapana?"

Roman alitia mkono ndani ya koti. Alitoa kitu chembamba cheusi akakiweka mezani, kando ya vitabu vitano vya nyimbo.

"Ni simu," alisema. "Ni yangu."

Saloma, aliyekuwa ameinuka nusu, alikaa chini puu! Tonge lilikuwa limenyang'anywa mdomoni. Edna yeye hakukaa wala hakusimama, alikuwa haujui mwili wake uko wapi. Roman alijua! Tangu lini? Na kwa nini anasema ni yake?

"Unayo tangu lini?" askofu aliuliza.

"Miezi kumi na minne."

Alijua hata miezi.

"Ya kazi gani?"

"Oda za viti. Ndiyo maana tumekua hivi. Si ufundi wangu. Ni hiki."

Minong'ono ilianza upande wa wanaume. Wale kumi na wanne, waliokaa karibu karibu kwa mazoea ya kazi, hawakunong'ona. Kila mmoja aliangalia viatu vyake. Walikuwa wamejua muda wote kwamba oda ni nyingi mno, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu nani anauliza mvua inatoka wapi wakati shamba limekauka?

Askofu Ura aliitazama simu muda mrefu. Alikuwa na miaka sabini na sita, na ndiye aliyembatiza Roman. Alimjua tangu anakula uji.

"Iwashe," alisema.

Roman alishtuka. "Baba Askofu?"

"Unaitumia miezi kumi na minne. Iwashe nione."

Roman aliichukua. Aliigeuza. Aliibonyeza ubavuni, aliibonyeza usoni kwa dole lake gumba la useremala, pana kama kijiko. Aliigeuza tena. Mtu akakohoa. Roman aliiweka sikioni, akaona haya, akaishusha. Simu ilibaki nyeusi kama sufuria.

Msinicheke. Edna angecheka siku nyingine yoyote. Siku hiyo machozi yalikuwa yanamchuruzika, kwa sababu alikuwa anaona mwanamume asiyejua kudanganya akidanganya kwa nguvu zake zote, mbele ya Mungu, kwa ajili yake.

"Ndugu Roman," askofu alisema taratibu, "nani ndani ya nyumba hii anayejua kuiwasha?"

Roman aliikumbatia simu kwa viganja viwili.

Hofu ina tabia hii, wasomaji: inakushika ukiwa bado una njia ya kutorokea. Edna alikuwa hana njia tena. Alisimama. Akatoka kwenye safu. Akavuka nafasi ile katikati ya karakana ambayo mwanamke haivuki wakati wa ibada, akafika mezani, akaichukua simu mkononi mwa mumewe.

Iliwaka kwa kuguswa mara moja. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya kiti cha kubembea.

"Ni yangu, Baba Askofu. Roman hakunituma. Nilimdanganya."

"Kaa chini, Edna," Roman alisema kwa sauti iliyopasuka. "Kaa chini, nakusihi."

"Umeshamaliza kunisaidia," Edna alimwambia. "Niache."

Askofu alifumba macho. Alipoyafumbua alikuwa kama kaongezewa miaka kumi.

"Mke ameficha," alisema. "Mume amesema uongo mbele ya vitabu. Roman, wewe nimekutoa kwenye kura. Tokeni nje nyote wawili. Tumalize kwanza kazi ya Mungu, halafu kanisa litasema juu yenu."

Walitoka kwa njia ya katikati. Edna alipopita karibu na Wilma, Wilma alivuta gauni lake pembeni lisimguse. Hawajatengwa bado, na tayari kutengwa kumeanza.

Nje, magari ya farasi yalikuwa yamepangwa kando ya ua, farasi wamefungwa wanakula nyasi. Jua la alasiri la Oktoba lilikuwa bado linawaka. Roman alikaa juu ya rundo la mbao, akaivua kofia yake.

"Ulijua tangu lini?" Edna aliuliza.

"Tangu mwanzo."

"Mwongo."

"Edna, barua gani hizo hazina stempu? Mtu wa Chicago anaandika kwa mwandiko wako? Hata ile herufi unayoikatia mkia?"

Edna alijifunika uso kwa viganja. Alikuwa analia na kucheka pamoja, na kuogopa kulikuwa palepale chini yake.

"Kwa nini hukusema kitu?"

"Ningesema, ingebidi nikukataze. Ningekukataza, Perry na wenzake ningewapa nini?" Aliizungusha kofia mkononi. "Nilijifanya sijui. Hiyo ndiyo dhambi yangu, na ni kubwa kuliko yako."

"Na leo? Kwa nini ilikuwa mfukoni mwako?"

"Wanawake arobaini jikoni kwako, mmoja si angetafuta tambi? Niliitoa alfajiri nikaitia kwenye koti, nikasema nitaizika jioni. Sasa jina langu limetajwa nayo iko kifuani. Ningesemaje ndiyo, kitu kinanichoma hapa?"

Edna alikaa kando yake. Alitaka kumshika mkono, akaogopa hata hilo kama linaruhusiwa.

"Watatufanya nini?"

"Wiki sita nje ya kanisa. Wakishatupigia magoti tutakayowapigia..." Alijichanganya, akaanza upya. "Tutapiga magoti, tutaivunja simu, watatupokea. Ura si katili. Wale kumi na wanne watahangaika wiki sita, wakate kuni, wafanye vibarua. Halafu tutaanza tena kwa ile simu ya kibandani. Viti vichache. Watu tutawabakiza hata kama ni kwa zamu."

"Kwa hiyo karakana haifi?"

"Haifi. Nilikuwa naogopa kura kuliko kutengwa. Kutengwa kuna mwisho." Roman alimtazama mkewe, na Edna aliona kitu alichokuwa hajakiona usoni mwake mchana kutwa. Alikuwa amepumua. "Kura imenipita, Edna. Ile imekwisha."

Edna naye alipumua. Mara ya kwanza tangu asubuhi hewa ilimshuka mpaka tumboni. Wiki sita. Mtu anaweza kuzihesabu wiki sita kwa vidole.

Mlango wa karakana ulifunguliwa.

Aliyetoka alikuwa shemasi Mose. Mose ni mtu mwekundu wa mashavu, mnene, mpenda utani hata msibani. Alikuwa mweupe kama unga, na alikuwa amesahau kofia yake ndani.

"Mnaitwa," alisema.

"Wameshaamua?" Roman aliuliza.

"Hawajaamua kitu."

"Basi mhubiri ni nani? Nani kapata?"

Mose alitikisa kichwa. "Hakuna."

"Hakuna vipi?"

"Ura alichanganyikiwa, sote tulichanganyikiwa na hiyo simu yenu. Hakuna aliyekumbuka kupunguza kitabu. Wamebaki watu wanne mezani, vitabu vitano. Wakachukua vinne. Ura akafungua cha kwanza, hamna. Cha pili, hamna. Cha tatu, hamna. Cha nne..." Mose alijipangusa paji la uso kwa mkono wa shati. "Roman, hamna."

Edna alisikia Roman akisema "hapana, hapana, hapana" kwa sauti ndogo kama ya mtoto anayeamshwa kwenda kung'olewa jino.

Waliingia. Safari hii hakuna aliyenong'ona. Wanaume wanne walikuwa wamekaa na vitabu vyao vimefunguliwa mapajani, na nyuso za watu waliopona ajali. Mezani kilibaki kitabu kimoja, kimesimama peke yake, mpira wake haujaguswa.

Saloma alikuwa amesimama katikati ya wanawake, kidole hewani.

"Haiwezekani!" alipiga kelele. "Amesema uongo, mmemsikia kwa masikio yenu! Mungu hawezi kumchagua mwongo!"

"Tuvichanganye upya," mwanamume mmoja alisema kutoka nyuma. "Vitabu vinne, tuanze mwanzo."

"Mungu haulizwi mara mbili," askofu alimjibu bila kugeuka. "Saloma, kaa."

Saloma alikaa. Alikuwa ametaka kumwangusha kaka yake kwa sauti moja. Hakuwa ametaka hiki.

Askofu Ura alikizunguka kitabu kile kama mtu anayezunguka mzinga wa nyuki. Hakukigusa.

"Miaka thelathini na moja nimekaa meza hii," alisema. "Aliyetengwa hawezi kuhubiri. Aliyechaguliwa hawezi kutengwa. Sijawahi kuona hili, na baba yangu hakuniambia nikiliona nifanye nini." Aliinua macho. "Roman, njoo uchukue kitabu chako."

Roman hakusogea pale mlangoni.

"Si changu, Baba Askofu. Umeshanitoa."

"Nimekutoa mimi," alisema mzee. "Yeye hajakutoa."

Kwenye benchi lao, wale wanaume kumi na wanne waliinua vichwa. Wote walikuwa wanaijua hesabu sasa. Kitabu kile kikichukuliwa, kesho hakuna karakana, wala baada ya wiki sita, wala milele. Kikiachwa pale, Roman amemkataa Mungu mbele ya kanisa zima kwa ajili ya viti.

Perry Erb alitikisa kichwa kidogo sana. Edna hakujua kama alikuwa anasema usichukue, au usituache.

Roman alitembea hatua tatu, akasimama. Mikono ilikuwa inaning'inia. Kisha alifanya jambo ambalo hakuna mwanamume wa bonde lile aliyewahi kulifanya kwenye kura. Aliipa meza kisogo, akamgeukia mkewe, na akauliza kwa sauti ambayo hata waliokaa benchi la mwisho waliisikia.

"Edna, nikichukue?"

Na kanisa zima, wanaume kwa wanawake, likageuka kumtazama Edna.